Mama Boniphace Wawili

Mgeni aliyekuja Nyakato kumpa Marcelina pole ya kufiwa na mume alimkuta mume mwenyewe uani, amekaa kwenye kigoda, ananoa panga. Mgeni akavua kofia, akasalimia, akauliza kwa sauti ya chini kama hapo ndipo nyumbani kwa marehemu Stanislausi.

"Stanislausi yupi?"

"Mume wake Mama Boniphace. Yule mama wa dagaa za Bukima."

"Ndiyo mimi," Stanislausi akasema, akarudisha panga kwenye jiwe.

Marcelina alikuwa jikoni anasonga ugali, na maneno hayo yote aliyasikia. Alitoka na mwiko mkononi. Mgeni alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akamgeukia Stanislausi kana kwamba yeye ndiye anayestahili kuelezwa. "Mzee, huyu mama sio yeye. Mama Boniphace sisi tunamjuaga. Anakujaga sokoni kwetu kila wiki."

Mwaka ulikuwa tisini na moja. Mgeni huyo aliitwa Burito, mwenye kibanda cha vyakula kwenye soko la wachimbaji wadogo wa dhahabu, nje kidogo ya Buhemba. Alikuwa amekuja Musoma kufuata mafuta ya taa na sabuni, akaona si vizuri kupita bila kufika kwa mjane anayemuuzia dagaa. Alipokaribishwa kiti alieleza yote bila kuficha. Mama Boniphace wa kwao alivaa nguo nyeusi tangu mwanzo wa mwaka. Watu walimchangia kidogo walichokuwa nacho. Kwa ajili ya msiba huo walimvumilia hata dagaa walipoanza kuja na mchanga, maana nani atamsumbua mwanamke aliyefiwa kwa sababu ya mchanga?

"Mchanga," Marcelina alisema. Hilo ndilo neno pekee lililomtoka. Habari ya mume kufa ilikuwa bado haijamwingia, lakini ya mchanga iliingia moja kwa moja.

Watu wa nje huenda wasielewe kwa nini. Dagaa wengi wa ziwani huanikwa ufukweni, juu ya mchanga, na anayewala hutafuna ufukwe mzima pamoja nao. Marcelina, aliyezaliwa Bukima, alikataa hilo tangu ujana. Dagaa wake aliwaanika juu ya majabali, akiwageuza kwa mkono huku akiwafukuza kunguru na mbuzi, na kila baada ya siku kadhaa aliyasugua majabali hayo kwa maji kama mtu anayesugua sakafu ya kanisa. Majirani walimcheka. Kisha wanunuzi wakaanza kuuliza dagaa wa yule anayeanika juu ya mawe, na majirani wakaacha kucheka.

Lakini jina lenyewe lilikuja baadaye. Miaka ile ya shida, sabuni ikitafutwa kama dawa na wafanyabiashara wakisakwa kama wezi, hakuna mtu mwenye akili aliyeandika jina lake kwenye mzigo. Marcelina alisafirisha dagaa wake wakiwa wamefunikwa kwa mihogo mikavu, na akiulizwa mzigo ni wa nani alisema ni wa shemeji yake. Mambo yalipolegezwa, maduka yakajaa tena na mitumba ikaanza kutandazwa hadharani, alikata leseni ya biashara kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akaenda kwa fundi Mayala, mtengeneza ndoo, akamwomba amkatie bati lenye matundu ya herufi. Ukiweka bati hilo juu ya gunia na kupitisha rangi nyekundu, ulibaki na maandishi: MAMA BONIPHACE – BUKIMA. Boniphace alikuwa mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akisoma bweni Mwanza.

Magunia hayo yalifika Bunda, yakafika Butiama, yakapanda mpaka machimboni. Watu ambao hawakumwona hata siku moja walimwamini kwa kutazama rangi nyekundu. Marcelina alilifurahia jambo hilo. Hakuwahi kufikiria kwamba mtu anayeaminiwa na watu wasiomjua sura anaweza kuwa mtu yeyote.

Burito alipomaliza kula na kuaga, akiomba radhi kwa kuleta rambirambi pasipo na msiba, Marcelina alikaa chini.

"Ni Jenoveva," alisema.

"Jenoveva gani?" mumewe akauliza.

"Wa Bunda. Aliyekuwa analala hapa."

Jenoveva alikuwa mnunuzi mdogo wa Bunda, mwanamke mpole wa umri wake, aliyekuja msimu wa mvua uliopita kuchukua dagaa. Barabara ilipoharibika alilala kwao, na si mara moja. Alikuwa msikilizaji wa ajabu. Na Marcelina, jirani yeyote angekuambia, alikuwa na ugonjwa wa kueleza. Mtu akimuuliza njia ya kwenda sokoni, humweleza na sababu ya yeye mwenyewe kutopita njia hiyo. Basi jioni hizo, wakichambua mchele, alimweleza Jenoveva kila kitu: alikobatizwa, nani alimsimamia kwenye ndoa, Boniphace alivyokaribia kuzaliwa ndani ya mtumbwi. Alimweleza pia ni nani huko Butiama anayechukua mzigo mkubwa, lori la nani hupanda Buhemba siku gani, na kwamba wachimbaji hawachagui sana ila wanamtaka mtu wa kuaminika. Jenoveva aliomba kuazimwa lile bati ili aandike magunia aliyonunua kwa Marcelina yasichanganyike njiani na ya wengine, akapewa, akalirudisha baada ya wiki likiwa safi kuliko lilivyoondoka. Aliomba na leseni ya zamani, iliyokwisha muda, akamwonyeshe mume wake huko Bunda inavyofanana. Marcelina alimpa. Karatasi iliyokwisha muda, alijiambia, ina kazi gani?

Kesho yake alikwenda Bunda. Sokoni walimjua Jenoveva vizuri, tena kwa hasira. Walisema alihama zamani, kwa kuwa hakuna aliyetaka tena kununua kwake, na mama yake mzee ndiye aliyebaki, anaugua mguu. Marcelina hakuwa na haja na mguu wa mtu. Alirudi barabarani, akapata lori lililokuwa likipeleka magogo ya kushikilia mashimo ya wachimbaji, akapanda mbele na dereva ambaye hakunyamaza mpaka wanafika. Kwa mara ya kwanza Marcelina alijua adha ya kusafiri na mtu wa namna yake.

Sokoni kwa wachimbaji hakupata shida kumwona. Jenoveva alikaa chini ya turubai, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, mbele yake magunia yenye maandishi mekundu. Herufi ya mwisho ya BUKIMA ilikuwa imepinda kidogo, ileile iliyopinda kwenye bati la Mayala. Hata kosa alikuwa ameliiga. Wanunuzi walikuwa wamemzunguka. Marcelina alijipenyeza mpaka mbele, na maneno aliyoyapanga tangu Bunda yakiwa tayari mdomoni.

Jenoveva aliinua macho. Hakushtuka, au kama alishtuka hakuna aliyeona. Akatabasamu.

"Jenoveva, karibu mdogo wangu," alimwambia Marcelina, akimvika jina lake mwenyewe. "Umetoka lini Bunda? Mama hajambo?"

Marcelina alianza kumjibu. Mwanamke aliyeweza kueleza mambo saa nzima bila kumeza mate sasa alipoteza mpangilio wote. Alisema mambo yote kwa wakati mmoja, kuhusu bati, majabali, mume aliye hai na leseni, na jinsi alivyozidi kusema ndivyo watu walivyozidi kumtazama kwa huruma.

"Huyu ndiye yule niliyewaambia," Jenoveva aliwaeleza wateja wake taratibu. "Wa Bunda, mwenye dagaa za mchanga. Tangu biashara yake ife, akili imemsumbua. Msimcheke."

Wakapelekwa kwa mwenyekiti wa soko, mzee Pastory, mchimbaji wa zamani ambaye sasa kazi yake ilikuwa kuamua ugomvi wa mizani na mipaka ya vibanda. Marcelina alitoa leseni yake mpya kwa fahari. Jenoveva alitoa ile ya zamani. Mzee Pastory akaziweka pamoja, akazitazama kwa muda mrefu.

"Jina ni moja," alisema. "Lakini hii ya huyu ni ya nyuma. Yeye ndiye alianza."

"Alianza vipi, mzee? Hiyo ni yangu mimi. Nilimpa imekwisha muda."

"Mtu anampaje mwenzake leseni?"

Tangu jana Marcelina naye alikuwa akijiuliza swali hilohilo.

Mzee akasema atawauliza maswali. Baba yako ni nani? Wote wawili walijibu Masatu. Ulibatizwa na nani? Jenoveva alimtaja padri, na jina la msimamizi, na mvua iliyonyesha siku ile. Mtoto wako anasoma wapi? Jenoveva alitaja shule na bweni. Ulifunga ndoa mwaka gani? Hapo Marcelina, kwa jinsi damu ilivyokuwa inamchemka, alitaja mwaka wa kuzaliwa Boniphace, akajisahihisha, akakosea tena. Jenoveva aliutaja sawasawa, kisha akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa, maana alikuwa ametajiwa habari ya marehemu.

Watu wakaguna. Mzee Pastory alimgeukia Marcelina bila ukali. "Mama, mimi sikufukuzi. Wewe unasema mume wako yuko hai. Huyu anasema amekufa. Basi jambo ni jepesi. Mlete."

Kwa Marcelina lilionekana jepesi pia, mpaka alipofika nyumbani.

"Siendi," Stanislausi alisema.

"Huendi kwa nini?"

"Watu wamenililia kule. Mtu akishaliliwa mahali, hatakiwi kupatokea. Hiyo ni kujitafutia mambo."

"Stanislausi, wewe ni mkristo."

"Hata mkristo anakufaga."

Akasema pia paa la jiko linavuja, na kwamba nyavu zake zinahitaji kushonwa. Sababu alikuwa nazo nyingi. Marcelina alimwita katekista aje azungumze naye, na katekista akaja, akala, akasema kila upande una hoja. Alimwita kaka wa Stanislausi kutoka Bukima, naye alitaka kwanza asimuliwe habari yote tangu mwanzo, na ilipokwisha aliomba arudiwe sehemu ya kitambaa cheusi. Wiki ilipita. Kila siku ya wiki hiyo Marcelina alijua kwamba kuna mwanamke anauza mchanga kwa jina lake. Alipokwenda kwenye jumuiya ya kanisani, mama mmoja alimshika mkono akampa pole; habari ya kifo ilikuwa imefika Nyakato kupitia wenye malori, na baadhi ya watu walimwona ni mkavu sana kwa mtu aliyefiwa.

Kilichomnyanyua Stanislausi hakikuwa katekista wala kaka. Burito alipita tena, akakaa, na katika mazungumzo akataja namna Stanislausi alivyokufa.

"Kwani nilikufaje?" Stanislausi akauliza, kwa udadisi tu.

"Walisema ulikuwa unamkimbia kiboko. Ukajikwaa."

Stanislausi alikuwa amevua kwenye ziwa hilo tangu utoto. "Nilikuwa namkimbia," alirudia polepole.

"Ndivyo alivyosema mama. Ukaangusha na kasia."

"Na kasia." Akasimama, akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la Jumapili. "Lori linaondoka saa ngapi?"

Marcelina alimtazama mume wake, akafikiria wiki nzima ya kubembeleza, akaenda kutafuta viatu vyake.

Njia nzima alimfundisha la kusema. Aanze na jina lake, kisha jina la baba yake, kisha aseme wazi kwamba mkewe ni huyu na si yule. Asizunguke. Asisalimiane na kila mtu. Stanislausi aliitikia huku akitazama ng'ombe za watu walizokuwa wakizipita, na walipofika Butiama alitaka washuke kidogo amsalimie rafiki. Marcelina alimkatalia.

Watu walijaa kwa mzee Pastory, kwa sababu si kila siku marehemu huja kutoa ushahidi. Jenoveva aliitwa kutoka kwenye turubai lake. Alikuja akiwa amejiandaa. Usoni mwake Marcelina aliona kabisa kwamba amekwisha kupata la kusema, kwamba huyu ni mtu wa kukodishwa, au shemeji, au mwendawazimu mwingine. Na kweli, hapo palikuwa na ushahidi gani? Mwanamume mmoja mwenye koti. Mbali na Burito, aliyekuwa bado hajarudi kutoka Musoma, hakuna aliyekuwa akimjua.

Stanislausi alimwona Jenoveva, na kila alichofundishwa kikamtoka. Huyu alikuwa mgeni wake. Alikuwa amekula kwake.

"Shemeji Jenoveva," alisema, akamnyoshea mkono. "Habari za siku nyingi? Yule mama mguu ulipona?"

"Bado, shemeji," Jenoveva akajibu, akipiga goti kidogo kama mwanamke aliyelelewa vizuri anavyomwamkia mume wa mwenzake. "Unamsumbuaga sana wakati wa baridi."

Mtu mmoja akalirudia kwa sauti jina aliloitikia. Jenoveva mwenyewe alibaki ameshika mkono wa Stanislausi, na taratibu uso wake ukabadilika. Mzee Pastory alikohoa.

"Pole yake," Stanislausi akaendelea, kwa kuwa yeye peke yake hakuona lililotokea. "Msugueni kwa mafuta ya sangara."

Marcelina hakujua acheke au alie. Aliteseka zaidi ya wiki na leseni na maswali, na jambo limekwisha kwa mume wake kukosa kufuata hata neno moja la aliyofundishwa.

Jenoveva hakubisha tena. Alikaa kwenye benchi, akavua kitambaa cheusi, akakikunja. Mzee Pastory alipomuuliza kwa nini, alijibu akimtazama Marcelina na si yeye.

"Bunda nikisema mimi ni Jenoveva, hakuna anayefungua hata gunia kuangalia. Mimi sina majabali, naanika mchangani kama wengine. Jina lako lilikuwa linauzika lenyewe. Nilisema nitalitumia kidogo tu, mpaka nisimame."

"Na mume wangu kumuua?"

"Mjane haulizwi maswali mengi."

"Na kiboko?"

Jenoveva aliinama. "Waliuliza alikufa na nini. Nikasema lililonijia."

Leseni ya zamani ilirudishwa kwa mwenyewe. Bati la bandia alilotumia Jenoveva lilikunjwa kwa nyundo mbele ya watu, na magunia yakageuzwa ndani nje. Jenoveva aliamriwa apite kibanda kwa kibanda aseme jina lake la kweli, na alipita, sauti ikizidi kufifia kila kibanda. Marcelina alikuwa ameitamani saa hiyo kwa muda mrefu, lakini ilipofika alichoka kuitazama kabla haijafika nusu ya soko. Alikwenda kumsubiri mumewe, aliyekuwa amezungukwa na wachimbaji akiwaonyesha kwa mikono jinsi kiboko anavyokabiliwa.

Ungefikiri basi mambo yalikwisha. Hayakwisha. Wanunuzi wa machimboni walikuwa wameshadanganywa mara moja, na sasa hawakumwamini Mama Boniphace yeyote. Alipopeleka mzigo wake mwenyewe walimuuliza, "Wewe ni yule wa kwanza au wa pili?" Mmoja alimwambia bila haya kwamba yule mwingine alikuwa na lugha nzuri zaidi. Butiama walitaka kila gunia lifunguliwe na kumwagwa. Mwaka mzima uliofuata Marcelina alikuwa akithibitisha kwamba yeye ni yeye, kazi ambayo hakuna anayekulipa, wala haina siku ya kwisha.

Leseni zilizopita muda alizichoma jikoni. Alimwambia Mayala amkatie bati jipya lenye jina lake lote na la baba yake, na hilo alilifungia sandukuni pamoja na vitenge vyake vya sikukuu. Hata dada yake alipoliomba alimnyima, wakanuniana mpaka Pasaka. Midomo ya magunia alianza kuishona kwa uzi wa rangi aliyopatana na kila mnunuzi peke yake, kwa mdomo, bila mtu wa tatu kusikia, na msimu ukibadilika rangi nayo ilibadilika. Wenye malori waliojaribu kumuuliza rangi ya fulani ni ipi aliwaambia waendeshe gari.

Gumu kuliko yote lilikuwa kunyamaza. Wageni waliendelea kulala kwake, chakula walipata, na mazungumzo yalikuwepo, ila yakifika kwenye nani anachukua mzigo wapi na lini, Marcelina aling'ata ulimi na kusema, "Ni ya kawaida tu." Stanislausi alisema nyumba imepoa siku hizi. Marcelina alimkumbusha nani aliyeiponza, kisha akakumbuka ni yeye mwenyewe, akaenda kuchota maji.

Jenoveva alirudi Bunda kumuuguza mama yake. Mvua zilipokatika, alitokea Nyakato bila kutuma taarifa, akasimama nje ya ua na hakuthubutu kuingia. Alitaka kununua dagaa wa majabali auze Bunda kwa jina lake mwenyewe, ajaribu tena.

Marcelina alimwacha asimame muda. Mpaka Stanislausi alipomletea mgeni kigoda, kwa tabia yake ileile isiyosikia la mtu, ndipo naye akatoka.

"Nitakuuzia," alisema. "Lakini katika gunia lisiloandikwa kitu. Hakuna rangi, hakuna herufi. Utaandika mwenyewe la kwako."

"Sina bati, dada."

"Mayala yuko palepale. Nenda mwambie akukatie."

Jenoveva alishukuru, akauliza dagaa wa msimu huo wametoka ufukwe upi.

"Ziwani," Marcelina akamjibu, akaanza kupima.